Jiko la makaa: hitilafu sita za kurekebisha, na ya saba isiyo na fundi

Baridi ya Julai mjini Nairobi haina mzaha. Jua huweza kukosa kuonekana mchana kutwa, mawingu mazito hutanda juu ya miti ya Lavington, na usiku unapoingia kila mtu hutafuta mahali pa kuota moto. Katika miezi hii, kuanzia Juni hadi Agosti, jiko la makaa huacha kuwa chombo cha kupikia tu. Huingizwa chumbani na kulazwa kando ya kitanda kama mmoja wa jamaa. Ndiyo sababu juma hili nimeonelea tujifunze namna ya kulitunza jiko hilo, kulirekebisha linapokorofisha na, zaidi ya yote, kujua mpaka wake.

Huenda wewe unayesoma gazeti hili unapikia gesi au stima, nawe wadhani somo hili halikuhusu. Subiri kidogo ujiulize: ni nani anayelinda lango lako usiku, na anaotea moto wapi? Ni nani anayelala katika kile chumba cha nyuma, chenye dirisha dogo lililozibwa kwa gunia ili baridi isipenye?

KISA CHA YAYA

Miaka kadhaa iliyopita, asubuhi moja ya Julai, alinijia msichana aliyekuwa akifanya kazi ya yaya katika nyumba moja hapa Lavington. Alilalamika kuhusu maumivu ya kichwa na kichefuchefu. Nilimpima malaria, hakuwa nayo. Nikampa tembe za maumivu akaenda zake.

Siku mbili baadaye alirudi. Akaniambia, "Daktari, kichwa hiki naamka nacho. Nikifika sokoni Kawangware kinaisha, lakini kesho yake asubuhi kiko pale pale." Maneno hayo niliyasikia lakini sikuyasikiliza. Niliandika dawa kali kidogo kuliko za kwanza.

Kesho yake aliletwa akiwa amelala katika kiti cha nyuma cha gari, amejitapikia, hajui hata jina lake. Hapo ndipo nilipouliza swali ambalo ningeuliza tangu siku ya kwanza: usiku analala na nini chumbani? Mama mwenye nyumba hakujua. Aliyejibu ni bawabu aliyekuwa amesaidia kumbeba. Alisema, "Analala na jiko. Lakini Daktari, jiko lile halina moshi hata kidogo."

Msichana huyo alitiwa oksijeni hospitalini akapona, ingawa kwa majuma kadhaa alisahausahau mambo na mikono yake ikatetemeka. Nimekuwa nikiukumbuka uzembe wangu kila baridi inapoingia. Pia nimeyakumbuka maneno ya bawabu, kwa sababu ndiyo imani ya watu wengi: kwamba jiko lisilo na moshi ni jiko salama. Somo la leo linakusudia kuing'oa imani hiyo.

LIJUE JIKO LAKO

Jiko ambalo wengi tunalitumia, lenye bati nje na udongo uliochomwa ndani, lilianza kusambaa nchini Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Waliolibuni walichukua wazo la jiko la ndoo kutoka Thailand wakalioanisha na jiko la bati tupu lililokuwa likitengenezwa na mafundi wetu wa jua kali. Mafundi hao ndio walioliboresha hadi likapata umbo lake la sasa la kubanwa kiunoni, ambalo hulifanya lisimame imara mtu anaposonga ugali. Likitunzwa vyema, hupunguza matumizi ya makaa kwa thuluthi moja au zaidi likilinganishwa na jiko la bati tupu.

Utendaji wake ni rahisi. Hewa huingia kupitia kilango cha chini, hupanda kupitia matundu ya sakafu ya udongo, hupita katikati ya makaa na kutokea juu. Ukifungua kilango, moto huchangamka. Ukikifunga nusu, hupoa. Majivu huangukia chini, mahali hewa inapoingilia.

Katika nchi za baridi kama Marekani, baadhi ya nyumba hupashwa joto kwa tanuri la makaa ya mawe, lenye mtambo wa kulilisha makaa lenyewe. Tanuri hilo, kwa ukali wake wote, lina bomba linalochukua moshi na hewa chafu hadi juu ya paa. Jiko letu halina bomba. Chochote linalotoa hubaki mle mle lilimo. Likumbuke jambo hilo tutakapofika mwisho wa orodha ifuatayo.

HITILAFU SITA NA DAWA ZAKE

1. Jiko linatoa moshi mwingi. Sababu kubwa ni makaa mabichi au yaliyolowa. Kaa lililoiva ni jeusi tititi, jepesi, na ukiligonga hulia kama kigae. Lile lenye rangi ya hudhurungi ni kuni ambayo haikuiva tanurini. Lichague ulitupe kando. Makaa yaliyonyeshewa yaanike juani kabla ya kuyatumia.

2. Moto haushiki. Aghalabu majivu yamejaa chini au matundu yameziba. Jiko likiwa limepoa kabisa, kung'uta majivu yote, kisha zibua kila tundu kwa kijiti. Usijaze vumbi la makaa, kwani huziba njia ya hewa. Washa kwa karatasi, magunzi makavu au vijiti. Usiwashe kwa plastiki, maana moshi wake una sumu za aina yake zinazoumiza mapafu. Na kamwe usimimine mafuta taa juu ya makaa ambayo tayari yana moto. Mwali hurukia mkono na uso wa mwenye kumimina.

3. Makaa yanaisha haraka. Pengine kilango kiko wazi muda wote. Chakula kikianza kuchemka, kifunge nusu. Tazama pia kama umejaza makaa kupita kiasi hadi sufuria haikai juu ya vishikio vyake. Sufuria ikiwa na kifuniko, na maharagwe yakiwa yamelowekwa tangu usiku, utaokoa makaa mengi kuliko utakavyookoa kwa kuchezea kilango.

4. Udongo umepasuka. Ufa mwembamba si neno. Lakini kipande kikibanduka, moto hufikia bati, nalo hutoboka na kuwaunguza wanaopita karibu. Mpelekee fundi aweke udongo mpya. Ili kuzuia mpasuko, usizime moto kwa kumwaga maji. Udongo wenye joto kali ukipata maji ya ghafla hupasuka, na mvuke wake huweza kukuunguza.

5. Makaa yanarusha cheche. Hii hutokea makaa yakiwa na unyevu au mchanga. Weka watoto mbali, nawe usiliinamie jiko wakati wa kulipepea. Pazia, magodoro na mitungi ya gesi visiwe karibu.

6. Jiko linayumba. Miguu ikiwa imelegea au vishikio vya sufuria vimevunjika, liache kutumika hadi litengenezwe. Watoto wengi huunguzwa na uji na maji ya moto kwa sababu ya jiko lililopinduka. Mtu akiungua, mwagie maji safi yanayotiririka, yasiyo na barafu, kwa dakika 20, kisha afike hospitalini. Dawa ya meno, unga na mayai havina kazi hapo.

HITILAFU YA SABA

Sasa tufikie hitilafu ambayo haionekani jikoni bali huonekana kwa mtu. Jiko linawaka vizuri, makaa ni mekundu, hakuna moshi wala harufu, na wewe kichwa kinakuuma. Hapo hakuna fundi wa jua kali anayeweza kukusaidia. Jiko halijaharibika. Linafanya kile ambacho makaa hufanya siku zote.

Makaa yanapoungua bila oksijeni ya kutosha, hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hii haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Moshi hukufukuza chumbani kwa kikohozi na machozi, lakini hewa hii hukuacha ukae. Hutoka jiko linapowashwa, hutoka makaa yakiwa mekundu, na huendelea kutoka kaa likiwa limefunikwa na majivu na mtu akidhani limezimika. Kulifunga kilango hakuiondoi. Kulitoa jiko nje mpaka moshi uishe kisha kulirudisha ndani hakuiondoi pia. Umeuacha moshi nje ukaingia na sumu.

Ndani ya mwili mambo huwa hivi. Chembechembe nyekundu za damu zina kitu kiitwacho himoglobini, ambacho hubeba oksijeni kutoka mapafuni hadi kwenye ubongo, moyo na viungo vingine. Ifikirie damu kama matatu na oksijeni kama abiria. Kaboni monoksaidi ni abiria mwingine anayeng'ang'ania kiti, kwani huishika himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Akishaketi, hashuki upesi. Viti vikijaa abiria huyu, oksijeni huachwa kituoni, na ubongo huanza kukosa chakula chake.

Sisi wa Nairobi tuna hatari ya ziada. Jiji letu liko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Pumzi moja hapa huwa na oksijeni pungufu kwa karibu sehemu moja kati ya tano ikilinganishwa na pumzi ya Mombasa. Tunaanza safari tukiwa na abiria wachache, kisha tunamwongeza mwizi wa viti.

DALILI

Dalili za mwanzo ni maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu na miguu kulegea. Zinafanana mno na za homa au malaria, na hapo ndipo mgonjwa na daktari wake wanapopotoka. Baadaye mtu huchanganyikiwa, husinzia, kifua huweza kumbana, kisha huzimia. Aliye usingizini huenda asiamke kuzihisi dalili za kwanza.

Je, utazitambuaje? Jiulize maswali haya. Je, kichwa huuma ninapoamka na kupoa nikitoka nje? Je, wenzangu wa chumba kimoja wanaugua siku ile ile? Je, hakuna homa wala mafua? Je, kuna jiko, jenereta au kifaa cha gesi kinachowaka ndani? Majibu yakiwa ndiyo, usinunue tembe. Toa jiko, toka nje, na uende kwa daktari umwambie wazi: "Nimekuwa nikilala na jiko la makaa." Sentensi hiyo moja ina thamani kuliko vipimo vitatu.

Wachimba migodi wa Uingereza walikuwa wakishuka chini na ndege wadogo ndani ya tundu, kwa ushauri wa mwanasayansi John Scott Haldane. Ndege alipolegea, watu walikimbia. Wewe huna ndege chumbani. Ndege wako ni hicho kichwa kinachouma. Usimnyamazishe kwa tembe.

Walio hatarini zaidi ni watoto wadogo, wazee, wenye maradhi ya moyo na wajawazito. Damu ya mtoto aliye tumboni huinasa sumu hii kwa nguvu na kuiachilia polepole kuliko ya mama yake. Mama anaweza kuamka akiwa na kichwa tu, kumbe mtoto ameumia zaidi.

UKIMKUTA MTU AMEZIMIA

Kwanza, jilinde. Fungua mlango wazi kabisa, vuta pumzi nje, ingia upesi na umtoe mgonjwa nje penye upepo. Usikae ndani kuzima jiko kwanza. Tazama kama bado kuna mwingine kitandani.

Pili, akiwa anapumua, mlaze ubavu ili asipaliwe na matapishi. Akiwa hapumui, anza kumbonyeza kifua kwa nguvu na kwa haraka katikati, huku mwingine akipiga simu 999 au 112.

Tatu, usimpe maziwa. Najua ni desturi yetu kumpa maziwa kila aliyekula sumu, lakini sumu hii haiko tumboni, iko katika damu. Aliyezimia ukimnywesha maziwa utampalia.

Nne, mpeleke hospitali yenye oksijeni hata kama ameamka na kusema yu salama. Katika hewa ya kawaida, nusu ya sumu iliyo katika damu huchukua saa nne hivi au zaidi kutoka. Kwa oksijeni kamili ya barakoa, muda huo hupungua hadi saa moja au moja na nusu. Jambo jingine la kumkumbusha mhudumu: kile kifaa cha kubana kidoleni huweza kuonyesha kwamba oksijeni ni ya kutosha hali sivyo, kwani hakiwezi kuzitofautisha oksijeni na kaboni monoksaidi. Kipimo cha damu ndicho kinachosema kweli.

Tano, mwangalie kwa majuma kadhaa baadaye. Usahaulifu, hasira zisizo za kawaida au kutetemeka huweza kutokea siku nyingi baada ya mtu kudhaniwa amepona. Akionyesha hayo, mrudishe kwa daktari.

KANUNI ZA NYUMBANI

Washa jiko nje na, ikiwezekana, upikie nje au barazani. Ukilazimika kupikia ndani, fungua mlango na dirisha ili upepo upite kutoka upande mmoja hadi wa pili. Ufa mdogo wa dirisha hautoshi. Kabla ya kulala, jiko litoke nje kabisa, si kwenye korido ya fleti wala chini ya dirisha la jirani. Halirudi hadi majivu yapoe. Hakuna "dakika tano tu" katika jambo hili, kwa sababu usingizi hauna saa.

Kwa joto la usiku, tumia blanketi mbili, soksi, kofia ya sufi na chupa ya maji moto iliyofungwa barabara na kuvikwa kitambaa. Vitu hivi havitoi sumu.

Jenereta na vijiko vya kuotea vinavyotumia gesi navyo ni ndugu wa jiko hili. Haviwekwi ndani ya chumba kilichofungwa. Mwenye nyumba ya zamani yenye mahali pa kuotea moto asijidanganye pia. Bomba la juu ya paa ni salama likiwa wazi tu. Kiota cha ndege au masizi yakiliziba, sumu itarudi sebuleni. Lisafishwe na kukaguliwa kabla ya Juni. Kengele ya kutambua kaboni monoksaidi inasaidia ikiwekwa karibu na mahali pa kulala, lakini si kibali cha kulala na jiko.

NENO KWA MWAJIRI

Nimalizie kwako wewe mwenye lango. Katika nyumba nyingi za mtaa huu, nyumba kubwa ina bomba la moshi na chumba cha mfanyakazi hakina. Kumwambia bawabu "usiingize jiko kibandani" bila kumpa njia nyingine ya kujipasha joto ni kumwachia achague kati ya baridi na sumu, na saa tisa usiku najua atachagua nini. Mpe koti zito, blanketi na chai ya chupa. Katika chumba cha yaya, weka dirisha linalofunguka, blanketi za kutosha na, ukiweza, kifaa cha stima cha joto. Gharama yake haifikii bili ya siku moja ya hospitali.

Kisha leo jioni, kabla hujafunga mlango wako, tembea hadi chumba cha nyuma na kibanda cha lango. Bisha hodi kwa heshima, uulize: "Jiko liko wapi?" Mimi nililiuliza swali hilo nikiwa nimechelewa siku tatu. Wewe usichelewe.

Kinga ni bora kuliko tiba.